Kisanduku cha Ndiyo

Fomu ilikuwa karatasi moja, mbele na nyuma. Jina, simu, uzoefu wa jukwaani kama upo, siku ambazo huwezi kufika mazoezini, kama uko tayari kunyoa ndevu. Chini kabisa, karibu na mahali pa sahihi, palikuwa na swali la mwisho: "Je, utakubali nafasi yoyote utakayopewa?" Visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Nilitia alama kwenye Ndiyo kama mtu anavyojibu "salama" akiulizwa habari za nyumbani. Nani aandike Hapana, aonekane ana maringo kabla hata hajafungua mdomo?

Ukweli ni kwamba sikwenda pale kutafuta nafasi yoyote. Nilikwenda kutafuta nafasi ya Antony, rafiki wa Kaizari.

Kikundi kile cha maigizo kilikuwa cha watu wenye shughuli zao: wauguzi, mafundi, wanafunzi, wastaafu wawili watatu. Hakuna aliyelipwa. Kila msimu walitoa maonyesho matatu, na orodha ilibandikwa mlangoni mwa ukumbi mapema. Mwaka ule ilianza na Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare kuhusu mtawala wa Roma anayeuawa, kikafuata kichekesho cha mambo ya ndoa, halafu mchezo wa watoto wakati wa likizo. Usaili wa Kaizari ulikuwa Jumamosi na wa kichekesho Jumapili. Mwenye akili zake angejaribu vyote viwili. Mimi nilishaamua. Nilikuwa na tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ile aliyoitoa kwanza mwaka 1963 na kuirekebisha 1969, na hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari nilikuwa nimeihifadhi yote. Niliighani bafuni, niliighani nikipiga pasi. Jirani yangu alikuja kuniuliza kwa upole nani amefariki.

Jumamosi nikabandikwa namba 31 kifuani. Tuliketi kwenye korido, tumepanga mgongo ukutani, kila mtu anajisemea kimoyomoyo huku midomo ikimcheza. Mlango wa ukumbi ulikuwa mwembamba, kila kitu kilisikika nje. Akaingia mwanamume wa kwanza, akaanza: Antony, mbele ya maiti. Wa pili, Antony. Wa tatu alianza na kitu kingine, nikashusha pumzi, kumbe ni utangulizi wake tu wa kujitambulisha. Antony. Nilihesabu saba kabla ya zamu yangu. Mmoja wao alilia machozi ya kweli, nikamsikia akipenga kamasi katikati ya sentensi.

Wanawake nao walikuwa na shida yao. Kwenye mchezo mzima wa Kaizari kuna wanawake wawili tu wenye majina, Calpurnia na Portia, na pale koridoni walikuwa kumi na wanane. Muuguzi mmoja aliyekaa karibu nami aliniambia yeye hataki hata mmoja kati ya hao, anamtaka Cassius, mmoja wa wanaume wanaomwua Kaizari. Nilicheka. Hakucheka.

Nilipoingia, mezani walikuwa watatu: mama mwongozaji, dada msimamizi wa jukwaa na kijana mwenye saa. Kila mtu alikuwa na dakika mbili. Nilisimama kwenye msalaba wa utepe uliobandikwa sakafuni, nikataja jina langu na kipande changu, na nikamwona mwongozaji akifumba macho. Hakuwa anasikiliza kwa makini zaidi. Alikuwa amechoka kumzika Kaizari. Nilifika mahali ninapopapenda, pale Antony anapoanza kuwageuza watu bila wao kujua, kijana akainua mkono. "Ahsante." Hata sauti yangu ilikuwa haijapanda.

Jioni yake nikapigiwa simu nije Jumanne kwenye usaili wa pili. Nikajua ni Antony. Niliipiga upya pasi shati ileile.

Jumanne tulikuwa kumi na wawili. Usaili wa pili hauna vipande vya nyumbani, unapewa karatasi palepale usome na mtu usiyemjua, na wao wanaangalia mnavyokaa pamoja. Fundi seremala mmoja, namba 14, mtu wa maneno machache mwenye sauti kama pipa tupu, aliitwa kusoma Antony mara tatu. Mimi sikuitwa hata mara moja. Niliketi na shati langu hadi karibu tunafunga, ndipo mwongozaji alipotaka kuwaangalia watu wanne aliofikiria kuwafanya raia wenye ghasia. Akatazama huku na huku. "Wewe kijana, 31. Njoo uwasomee Cinna. Simama tu hapo, tunawaangalia hawa."

Asiyeujua mchezo aelewe kisa hiki, ni kifupi. Kaizari ameshauawa, hotuba ya Antony imeshawatia watu wazimu, wako barabarani wanatafuta wa kumlipizia. Anapita mshairi mmoja anayeitwa Cinna, hana kosa lolote, anakwenda mazikoni. Ila mmoja wa wauaji naye anaitwa Cinna. Raia wanamzunguka na kumwuliza maswali manne kwa mpigo: jina lako nani, unakwenda wapi, unaishi wapi, umeoa au hujaoa. Wanataka ajibu upesi, kwa ufupi, kwa busara na kwa ukweli. Anajibu. Akishataja jina, imekwisha. Anapiga kelele kwamba yeye ni Cinna mshairi, siyo yule, nao wanasema basi na afe kwa ubaya wa mashairi yake.

Mimi nilisoma ile karatasi kama karani, akili yangu ikiwa kwa seremala. Wale wanne hawakuwa na karatasi akilini. Wakanijia. Kuna msichana mwanafunzi alikuwa mfupi kuliko wote, ndiye aliyenitisha, alikuwa akinitazama kooni. Nikarudi nyuma hatua moja, mbili, mgongo ukagonga meza ya wasaili, bilauri ya maji ikapinduka juu ya rundo la fomu. Nikasikia dada msimamizi akisema "Ah!" na viti vikivutwa. Hakuna aliyewasimamisha wale raia. Yule msichana akanisogelea mpaka nikahisi pumzi yake, akaniuliza: "Jina lako nani?"

Nikamtajia jina langu. Langu mimi, la kuzaliwa, pamoja na la baba.

Ukumbi ukanyamaza. Nikaona nimefanya nini, nikatafuta mstari kwenye karatasi, karatasi imelowa. Msichana naye hakujua la kufanya, maana mchezo hauna jibu la mtu huyo. Halafu mtu akacheka, tukacheka wote, mimi kwa aibu. Mwongozaji hakucheka. Alikuwa anaandika kitu kwenye kiganja chake, kwa sababu karatasi zake zote zilikuwa zinatiririka maji.

Ijumaa orodha ikabandikwa mlangoni. Antony: seremala. Cassius: yule muuguzi, na hapo nikakumbuka nilivyomcheka. Nikashuka chini, nikashuka tena. Jina langu lilikuwa mara mbili: Cinna mshairi na Strato. Strato nilikuwa simjui, ikabidi nifungue kitabu nikiwa nimesimama pale mlangoni. Ni mtumishi anayemshikia Brutus, mkuu wa wauaji wa Kaizari, upanga mwishoni kabisa ili Brutus ajirushie. Yaani mmoja wangu anauawa kwa kosa la jina, mwingine anashika chuma na kugeuza uso pembeni. Cinna kwenye nakala zetu alikuwa ukurasa mmoja na robo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa dada msimamizi. Nilikuta amekaa chini, anakata utepe.

"Dada, samahani. Nadhani kuna mkanganyiko kidogo."

"Hakuna, mdogo wangu."

"Mimi nilisaili Antony."

"Nyote mlisaili Antony." Akavuta faili, akapekua, akatoa fomu yangu. Ilikuwa imekauka ikawa ngumu, wino wa simu yangu umesambaa, sahihi imekuwa wingu. Akaweka kidole chini kabisa. Alama ya Ndiyo haikuguswa na tone. "Hii ni mkono wa nani?"

Nikasema ni yangu.

Akaniambia swali lile hawakuliweka kwa adabu. Msimu mmoja nyuma waliwapa watu nafasi ndogo, wakapotea mmoja mmoja, na wiki tatu kabla ya onyesho hawakuwa na askari wala majirani. "Ukiandika Hapana hatukuchukii. Tunajua tu tusikupangie." Kisha, labda kwa kuniona nilivyonywea, akaongeza kwamba hata Kaizari mwenyewe ana mistari michache kuliko Brutus, kuliko Cassius, kuliko Antony, na jina la mchezo ni lake. Haikunisaidia sana. Kaizari angalau anajulikana.

Nilikusudia kutofika usomaji wa kwanza. Nilifika kwa sababu ya aibu, sina sababu nyingine ya kutaja. Tulikaa duara, tukausoma mchezo mzima mwanzo hadi mwisho. Kabla ya kuanza, mama mwongozaji alieleza kwa nini baadhi yetu tuna watu wawili watatu kila mmoja. Alisema ndivyo ulivyochezwa tangu zamani: msafiri mmoja wa Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba tarehe 21 Septemba 1599 aliuona mchezo wa Kaizari London, ukichezwa na watu kama 15, na ulipokwisha wakacheza ngoma. Watu 15 kwa majina yote yale. Maana yake waliokufa waliinuka wakabadili nguo.

Tulipofika kwa Cinna akatusimamisha. Akasimulia kwamba mwaka 1937, New York, mwongozaji Mmarekani Orson Welles aliuweka mchezo huu kwenye mavazi ya siku zile, na watu waliotoka ukumbini walikuwa wanazungumzia tukio la mshairi. Mwigizaji wake, Norman Lloyd, alijaza mashairi mifukoni, akawa anawagawia raia karatasi kuwaonyesha yeye ni nani, nao wanazidi kumbana. Kisha akanigeukia. "Sikukuchagua kwa usomaji. Umesoma vibaya. Nimekuchagua kwa kuwa uliulizwa jina ukasema kweli."

Sijui kama ilikuwa sifa. Nimeifikiria mara nyingi na bado naona nusu yake ni tusi.

Mazoezi ya ukurasa mmoja na robo yalichukua jioni sita. Kuuawa na watu wanne ni hesabu. Msukumo ni wangu: anayesukumwa ndiye anayejirusha, anayesukuma anaweka tu mkono. Kuanguka kuna mpangilio wake, unaketi kwanza hewani, unashuka kwa upande wa paja, halafu nyonga, halafu bega, na kidevu kikiwa kifuani. Mikono isitangulie, magoti yasitangulie. Siku ya kwanza mikono yangu ilitangulia, nikatembea na kifundo kilichovimba wiki nzima. Sauti ya kofi haitoki shavuni, inatoka kwenye paja la anayepiga, upande ambao watazamaji hawauoni. Tuliandika C kwa utepe wa njano mahali kichwa changu kilipotakiwa kulala, ili taa zikizimwa wanne wale waruke bila kunikanyaga. Yule msichana mwanafunzi alinikanyaga mara mbili hata hivyo, na mara zote mbili aliniomba radhi kwa kunong'ona akiwa bado ananiua.

Mashairi ya mfukoni niliyaandika mwenyewe, mabaya kwa makusudi, kwa kuwa raia wanasema ni mabaya.

Tulionyesha usiku nne. Wa kwanza niliharakisha, nikafa kabla watu hawajajua nimeingia. Wa pili ulikuwa mzuri. Wa tatu, karatasi moja ilinitoka mkononi ikaruka hadi safu ya mbele, na mzee mmoja akaiokota, akavaa miwani, akaanza kuisoma huku mimi nikiuawa mita mbili kutoka kwake. Nilimwona kupitia mikono ya watu. Alisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni mwa koti. Sikuwahi kumwuliza aliionaje.

Antony wa seremala, lazima niseme, alikuwa bora kuliko wangu. Hakupandisha sauti hata mahali pamoja. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia na mashairi yangu nikingoja zamu, na kila usiku nilijikuta nimesahau kukasirika mpaka raia wanne waanze kupita pembeni yangu mbio, wamevimba, wakinisubiri upande wa pili.

Jumapili asubuhi tulibomoa mandhari. Mlangoni palikuwa tayari na karatasi mpya, mchezo wa watoto, usaili wiki mbili zijazo, walete wimbo mmoja. Nilipiga magoti jukwaani nikabandua C yangu. Utepe ulikuwa umeshika, ukaja na rangi ya sakafu, na herufi ikabaki pale kwa weupe. Nilikuwa bado naikwangua kwa ukucha wakati dada msimamizi aliponiita kwa sauti nirudishe kanzu ya Strato, kisha nimshikie ngazi.