Siku Mama Alipoonja Bahari

Binti yangu ameshika simu tangu asubuhi, anapanga likizo ya Juni. Mara kisiwa cha Mbudya, mara Kigamboni, mara boti ya Zanzibar. Nikamwambia mimi nataka Bagamoyo. Akashangaa: "Bagamoyo si maji ya tope, mama? Halafu bibi tutamwacha na nani? Bibi si anaogopa bahari?"

Nikaweka chini ungo wa mchele.

Ilikuwa Desemba 1993. Shule zimefungwa, baba mdogo kahamia Bagamoyo kwenye biashara ya samaki, na mama kakubali safari baada ya kubembelezwa wiki nzima. Ni kilomita 70 hivi kutoka Dar. Leo ni lami, wakati ule mashimo na vumbi. Tuliondoka alfajiri, tukafika saa nne, mdogo wangu katapika mara mbili. Sufuria la pilau mama alilipakata njia nzima.

Tukashukia ufukweni moja kwa moja, na bahari haipo. Mchanga uliolowa umetanda mbali, ngalawa zimelala ubavu, maji ni mstari mwembamba unaong'aa kule mwisho. Kaka akaanza kulia, akidhani tumechelewa. Baba mdogo akamshika bega: leo ni bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku maji hutoka hivi saa nne, na saa kumi jioni yatakuwa yamerudi mpaka juu. Tungoje tu.

Tukangoja. Tukapelekwa Kaole kwenye magofu, kisha Misheni, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Tulikula pilau chini ya mnazi. Hayo yote nayakumbuka kwa mbali.

Ninayoikumbuka vizuri ni saa tisa na kitu. Maji hayakuja kwa mawimbi, yalikuja kimya. Yalitambaa kwenye mifereji ya mchanga, yakaingia kwenye vishimo vya kaa, yakazijaza nyayo zetu za asubuhi moja baada ya nyingine. Sisi watoto tulikimbia kuyapokea. Mama alibaki mkekani, miguu kaikunja ndani ya khanga.

Mama aliteremka kwenye treni ya Tabora mwaka 1979. Miaka 14 Dar es Salaam! Alikwenda Feri kila alipopata hela ya vibua, akainama, akachagua, akalipa, akarudi Magomeni. Bahari ilikuwa hapo hapo nyuma ya wauza samaki, na hakuwahi kuigusa. Baba alifanya kazi bandarini, kila jioni akirudi na harufu ya mkonge na korosho. Hakuwahi kumpeleka hata ufukwe wa Coco, pale pale mjini.

Basi akapita mama mmoja wa pale, katoka kutanda uduvi, ndoo kichwani, shuka linamchuruzika maji. Akasimama mbele ya mkeka. "Dada, mbona umekaa kama mgeni wa msiba? Haya maji hayana makuu. Nenda hatua mia, yatakufika magotini." Akaitua ndoo, akanyoosha mkono.

Mama akavua kandambili, akaziweka pamoja zikitazamana. Akafunga khanga upya, akaukamata ule mkono. Maji yalipomfika vifundoni alisimama, akatazama chini muda mrefu. Mchanga ulikuwa unahama chini ya nyayo zake, na vidole vyake vilikuwa vinaung'ang'ania. Kisha akaendelea. Yalipofika magotini aliinama, akachota kwa kiganja, akaonja.

"Ni chumvi kweli," akasema.

Akacheka. Kisha akageuka kumtafuta baba, na uso wake ulikuwa umelowa wote, maji sijui ya wapi. "Baba watoto, hii yote ndiyo unayoiona kila siku?"

Baba aliinama, akaanza kukunja suruali ambayo alikuwa amekwisha kuikunja. "Naiona," akajibu.

Tulikaa mpaka magharibi. Mama alitoka wa mwisho.

Ndiyo maana mwenye watoto wadogo huwa namtuma Bagamoyo kabla ya kwingine. Maji yake kweli si ya buluu kama ya Mbudya, kwa kuwa Mto Ruvu unamwaga hapo kaskazini, lakini chini ni mteremko mdogo, mtoto anakwenda mbali maji yakiwa tumboni. Coco siku ya sikukuu sithubutu, kwa ule umati mtoto anapotea ukigeuza shingo tu. Ila hata huko Bagamoyo msiwaachie macho, maji yakianza kurudi hayangoji mtu.

Baba alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza ile miaka 14. Labda ilikuwa ni nauli tu. Labda bahari kwake ilikuwa magunia na mgongo unaouma, hakuona kama ni mahali pa kumpeleka mtu unayempenda. Bado nageuza geuza.

Mchana huu nimempigia mama. Nikamweleza tunataka kwenda Bagamoyo wote, na yeye, magoti yake na yote. Akanyamaza kidogo.

"Mwezi unaandama lini?" akauliza.

Binti yangu alikuwa ameshaanza kutafuta kwenye simu.