Mlima wa Mialoni: Siku Moja Ekebergparken, Oslo

Tramu iendayo Ljabru ikishaiacha stesheni kuu ya Oslo na majengo marefu ya Bjørvika, huanza kuupanda mlima polepole, ikipinda huku na huku, na upande wa kulia bahari hujitokeza kidogo kidogo kati ya miti, hata ukifika kituoni tayari uko juu ya mji. Safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Siku hiyo, Jumamosi moja ya mwezi Juni, tulikuwa watu saba: mimi na wanangu wawili, pamoja na jirani yangu na watoto wake watatu. Jirani huyu alizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, nami nilizaliwa Tanga. Tulijuana siku nilipomsikia akimkemea mwanawe kwa Kiswahili kwenye ngazi za jengo tunaloishi, nikasimama palepale na kumsalimu. Tulikuwa tumebeba sufuria ya pilau iliyofungwa kwa taulo mbili ili isipoe, sambusa, chupa ya chai ya tangawizi, na mkeka mkubwa ambao mama yangu alinipa nilipoondoka nyumbani.

Nieleze kwanza kwa nini nilipachagua mahali hapa. Miezi michache kabla ya hapo niliwapeleka wanangu kwenye jumba moja la sanaa, ambalo sitalitaja, na mlinzi akatufuata chumba hadi chumba kana kwamba tulikuwa tumekuja kuiba. Mwanangu mdogo hakugusa kitu. Alinyoosha kidole tu. Hata hivyo tuliambiwa mara tatu tusogee nyuma, na tulipotoka alikuwa ameshaamua kwamba sanaa ni kitu cha kugombezwa. Nilitaka aione mahali ambapo anaweza kukimbia, kupiga kelele, kula, kisha kurudi kutazama tena. Ekebergparken ni mahali pa namna hiyo: haina lango la tiketi, iko wazi usiku na mchana, na sanamu zake zimesimama msituni, kando ya njia wanazopita wakimbiaji na watu wanaotembeza mbwa.

Jina Ekeberg lina maana ya mlima wa mialoni, na miti hiyo bado ipo, pamoja na misonobari na mingine mingi. Manispaa ya Oslo iliununua mlima huu mwaka 1889 ili wakazi wa mji wapate mahali pa kupumzika. Mwaka 1929 ulifunguliwa hapa mgahawa mweupe uliochorwa na msanifu majengo Lars Backer, wenye madirisha mapana na mabaraza yanayoitazama bahari, na hadi leo hakuna jengo jingine katika mlima huu linalovuta macho kama hilo. Bustani ya sanamu ni ya juzi tu. Ilifunguliwa mwezi Septemba mwaka 2013, kwa fedha za taasisi ya mfanyabiashara wa majengo Christian Ringnes, katika eneo la hekta 25 hivi ambalo limebaki kuwa mali ya mji.

Tulitandika mkeka kwenye majani, mahali ambapo miti imeachana na mji wote unaonekana. Sisi tuliokulia Tanga tumezoea kuitazama bahari tukiwa usawa wake, tumekaa Raskazone na miguu karibu imo majini. Kuitazama kutoka juu namna hii kunanifanya kila mara ninyamaze kwa muda. Chini kabisa kuna jumba la opera lenye paa la marumaru nyeupe linaloingia majini, ambalo watu hulipanda kwa miguu kama kilima. Pembeni yake limesimama jumba jipya la makumbusho ya mchoraji Mnorwe Edvard Munch, refu, lililoinama kichwa. Mbele yake vimetapakaa visiwa vidogo na feri zinazokwenda na kurudi, na mbali upande wa pili, juu ya msitu, unaonekana mnara wa Holmenkollen wa kurukia kwa skii.

Karibu nasi walikaa wazee wawili Wanorwe, kila mmoja juu ya kipande chake cha sponji, wakila mkate wenye jibini ya kahawia uliofungwa kwenye karatasi. Chakula hicho huitwa matpakke, na watu wa huku hukibeba shuleni, kazini na hata milimani. Harufu ya pilau ilipowafikia, mama yule mzee aligeuka akatabasamu. Jirani yangu hakusubiri kuulizwa. Alijaza sahani, akawapelekea, akawakaribisha kwa Kinorwe chake cha kusitasita. Walikula yote. Mzee wa kiume alirudisha sahani mwenyewe, ikiwa na vipande viwili vya mkate na jibini juu yake, jambo ambalo lilinifurahisha sana, kwa kuwa hata kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Baada ya kula tuliingia msituni. Sanamu ya kwanza iliyotusimamisha haikuwa imesimama chini kabisa. Ilikuwa inaning'inia hewani kati ya miti. Ni kazi ya Louise Bourgeois, msanii aliyezaliwa Paris mwaka 1911 na kufariki New York mwaka 2010, nayo inaitwa The Couple, yaani watu wawili. Wamekumbatiana, na miili yao ya alumini imezungushwa mizunguko juu ya mizunguko, mfano wa nguo inayokamuliwa maji. Upepo ukivuma hugeuka polepole, ukamwona mmoja mgongo, kisha mwingine, kisha husemi tena nani ni nani. Watoto walilala chali chini yake ili waione ikizunguka. Jirani yangu alisimama kwa muda mrefu, mikono kifuani, kisha akaniuliza: "Dada, hawa wanapendana, ama wanaogopa kuanguka?" Sikuwa na jibu, na bado sinalo. Yeye na mumewe waliishi kambini kwa miaka kabla ya kuletwa huku, na nilihisi kwamba hakuwa akiuliza kuhusu alumini.

Mbele zaidi tulimkuta Venus wa Salvador Dalí. Dalí alichukua umbo la yule mwanamke maarufu wa Milo, sanamu ya kale ya Kigiriki isiyo na mikono, akamfanyia droo mwilini: kwenye paji la uso, kifuani, tumboni na gotini. Wazo hilo ni la mwaka 1936. Wengi hulieleza kwa nadharia ya Freud kuhusu mambo yaliyofichika ndani ya nafsi, na maelezo hayo yana haki yake. Lakini mwanangu mkubwa, ambaye bibi yake alimfundisha majina ya vyombo vya nyumbani, alimtazama kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, huyu ana watoto wa meza." Nilisita kidogo kabla sijaelewa. Sisi droo tunaiita mtoto wa meza. Kumbe kwa Kiswahili mwanamke huyu amebeba watoto mwili mzima, tumboni, kifuani, kichwani na hata gotini, wengine wamefungwa na wengine wamechungulia nje kidogo. Nimeshapita mbele ya sanamu hii mara kadhaa nikiwa na maelezo ya wataalamu kichwani, na sikuwahi kuiona hivyo. Tangu siku hiyo siwezi kuiona vinginevyo. Kila mama anayesoma hapa anajua kwamba tunawabeba kichwani miaka mingi baada ya kuwashusha tumboni, na kwamba magoti ndiyo huanza kulalamika.

Nisifiche kwamba bustani hii ilizaliwa na ugomvi. Wazo la awali lilikuwa kuufanya mlima wote uwe wa kumtukuza mwanamke, na wakazi wengi walipinga; wengine waliuliza kwa nini tajiri mmoja aachiwe kuamua sura ya msitu wa umma, wengine walihuzunikia miti iliyokatwa, na wengine walisema kwamba miili ya wanawake waliochongwa uchi na wanaume inatosha duniani. Mpango ulipanuliwa, wasanii wa aina nyingine wakaingia, lakini hoja hiyo ya tatu bado nina sababu ya kuikubali, maana kazi za wanaume kama Renoir, Rodin na Maillol zote zimo humu, na ukitembea na binti wa miaka kumi na mmoja unaanza kuhesabu. Ndiyo maana nilimwonyesha kwa makusudi sanamu ya Sean Henry ya mwanamke anayetembea. Amevaa nguo za kila siku, zimepakwa rangi, na anakwenda zake bila kumtazama mtu, na uso wake ni wa mtu mwenye mambo yake. Binti yangu aliusoma uso ule akasema, "Huyu anawahi basi." Alimpenda kuliko wote.

Pia mlima huu una mambo ya kale kuliko bustani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walizika askari wao hapa, na baada ya vita mabaki yao yakahamishiwa makaburi ya Alfaset. Chini kidogo, karibu na jengo la zamani la shule ya mabaharia, kuna mwamba wenye michoro ya wanyama iliyochongwa na wawindaji wa Enzi ya Mawe, ambayo iligunduliwa mwaka 1915. Mistari yake imetiwa rangi nyekundu ili ionekane. Wakati huo bahari ilikuwa juu zaidi, kwa sababu ardhi ya huku imeendelea kuinuka tangu barafu kuu ilipoyeyuka na kuipunguzia uzito. Aliyechonga mnyama yule huenda aliona maji karibu sana na mahali tunapoona leo reli na barabara. Nilimwambia mwanangu mdogo kwamba hata mtu huyu alitoka na chakula chake, akakaa juu ya mlima, akachora. Aliniuliza kama kulikuwa na mlinzi. Nikamwambia hapakuwa na mlinzi.

Kuna kazi nyingine ambazo sikuweza kuwaonyesha siku hiyo. James Turrell ana vyumba vyake vya mwanga ndani ya tangi la zamani la maji, chini ya ardhi, navyo hufunguliwa kwa siku na saa maalumu tu. Nguzo ya taa ya Tony Oursler, inayozungumza na wapita njia, watoto waliisikia lakini hawakuielewa. Hata hivyo tulibahatika na ukungu. Msanii wa Kijapani Fujiko Nakaya alitega mahali fulani msituni mitambo inayotoa ukungu wa maji matupu, bila moshi wala dawa, na ghafla tukiwa njiani uliteremka ukaifunika miti, ukatufunika na sisi. Watoto walipotea, vikabaki vicheko tu. Nilifumba macho, nikawa Lushoto asubuhi, nikimsubiri shangazi sokoni huku viazi na kabeji vinashushwa kwenye lori ambalo silioni. Ulidumu dakika chache. Ulipoondoka, mkono wangu ulikuwa na matone madogo kwenye kila unywele.

Kuelekea jioni tulikwenda kwenye kile kilichowaleta watu wengi. Edvard Munch alieleza kwamba alikuwa akitembea njiani na marafiki wawili wakati wa machweo, mbingu zikageuka nyekundu kama damu, akahisi ukelele mkubwa ukipita katika maumbile yote. Mandhari iliyo nyuma ya picha yake maarufu ya mwaka 1893, Ukelele, ghuba ile na vilima vile, ndiyo inayoonekana kutoka mlima huu. Msanii Marina Abramović aliweka hapa fremu tupu ya chuma, na mwaka 2013 aliwakusanya wakazi wa Oslo zaidi ya 200, akawaomba wasimame nyuma ya fremu hiyo mmoja mmoja na kupiga ukelele. Fremu imebaki, na yeyote anaweza kusimama hapo, na picha yake ikawa bahari na mji ulio nyuma yake.

Watoto walipiga ukelele kwa zamu mpaka sauti zikakauka. Kisha wakamtaka jirani yangu naye apige. Alikataa mara mbili. Alisema kelele za namna hiyo alishazisikia za kutosha, na hakutaka kuzitoa kinywani mwake. Watoto wakanyamaza, nami nikaanza kutafuta maneno ya kuibadilisha mada. Kumbe alikuwa anajifunga kitenge vizuri. Alikwenda, akasimama ndani ya fremu, akaweka kiganja karibu na mdomo, akapiga kigelegele. Kirefu, cha juu, cha mama wa harusi, kikateremka mlimani kuelekea bandarini. Akakipiga tena. Vijana waliokuwa wakisubiri zamu yao wakapiga makofi, na wale wazee wawili, ambao hatukujua kama bado wapo, walisimama kutoka kwenye sponji zao ili waone ni nani.

Mwezi Juni jua la huku huzama baada ya saa nne usiku, kwa hiyo tulipoanza kukunja mkeka bado kulikuwa na mwanga wa kutosha kuokota punje za wali zilizodondoka. Sufuria ilikuwa nyepesi. Kwenye tramu ya kurudi watoto walilala wakiwa wameegemeana, isipokuwa binti yangu, ambaye alibaki dirishani akijaribu kigelegele kwa sauti ya chini, ulimi wake ukikwama kila mara, na jirani yangu akimrekebisha: "Legeza ulimi, mwanangu. Usiusukume."