Siku moja maishani mwangu: skrubu ya tatu

Saa 11 alfajiri niko kwenye daladala, saa 1 nimeshavaa nguo za thieta. Mimi ni nesi wa upasuaji wa mifupa, Dar es Salaam.

Leo tuna mama aliyevunjika paja zamani kwa ajali ya bodaboda, akawekewa chuma ndani ya mfupa. Mfupa uliunga vizuri, ila nyonga imesagika, anahitaji ya bandia. Ndugu zake wanaona ni kutoa chuma kimoja na kuweka kingine. Natamani wangesimama pale nilipo.

Saa 2 napanga meza. Karatasi za upasuaji wa kwanza hazipo, hatujui bisibisi ipi itaingia kwenye skrubu zake, kwa hiyo nimetakasa seti tatu. (Ukiwekewa chuma, omba uandikiwe aina yake, uitunze karatasi hiyo kama cheti cha kuzaliwa.)

Saa 3 na dakika 20, kisu. Daktari anatoa kwanza kichwa cha nyonga kwenye kikombe chake, vyuma vikiwa bado ndani, maana mfupa uliobaki na matundu matupu ukiuzungusha kwa nguvu unapasuka. Skrubu ya kwanza imetoka. Ya pili imetoka.

Ya tatu imefunikwa na mfupa mpya. Tunauondoa kwa patasi, kidogo kidogo. Bisibisi inaingia, inazunguka bure: kingo zimelika. Seti ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. "Sista, nipe ile ya kinyume." Nampa kifaa chenye meno yanayozidi kuuma kadiri unavyofungua. Kinateleza. Anarudia. Daktari wa usingizi anataja damu iliyopotea, chupa ya pili inatundikwa. Mgongo unaniwaka, sithubutu kuegemea popote. Kisha skrubu inalia, mlio mwembamba kama mlango wenye kutu, na inalegea. Saa sikuitazama tena.

Chuma kikatoka, sampuli zikaenda maabara kuangalia wadudu, kikombe kipya kikakaa. Shina tuliloweka, ile sehemu ya nyonga bandia inayoingia ndani ya mfupa wa paja, ni refu, lipite tundu la skrubu la chini kabisa kwa mara mbili ya upana wa mfupa, paja lisije likavunjikia hapo. Nikahesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, nikarudia. Zimetimia.

Nje jua limeshazama. Kijana wake akanijia, "Sista, mbona mmekaa sana?" Nikamwonyesha ukubwa wa ile skrubu kwa vidole viwili.

"Mama ameamka," nikamwambia. "Anaulizia chai."