Jinsi nilivyopata mashine ya kupigia santuri za mjomba

Santuri nilizorithi kwa mjomba, nyingi zikiwa za taarabu, ni za mizunguko 45 kwa dakika na zina tundu pana katikati, hivyo nilihitaji mashine yenye kasi hiyo pamoja na kipande cha kujazia tundu. Mashine za mkobani, zenye spika ndani, nilizikataa mapema, kwa kuwa aghalabu mkono wake unaoshika sindano haurekebishiki na sindano huikandamiza santuri. Nilinunua iliyotumika, inayozungushwa kwa mkanda.

Nilipoiunganisha na amplifaya, sauti ilitoka hafifu, haina besi kabisa. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa, na umeme utokao kwenye sindano ni milivolti chache tu; kwa hiyo, kama amplifaya haina tundu la fono, yaani la kuchomekea mashine ya santuri, lazima kiwepo kikuza sauti cha kati cha kuyasawazisha hayo. Nilikiongeza, besi ikarudi. Ukabaki mvumo, nao ulikoma nilipoukaza waya mwembamba wa ardhi kwenye skrubu yake.

Uzito wa sindano juu ya santuri niliuweka gramu 2, baada ya kuhakikisha mkono unaelea sawasawa. Santuri za mizunguko 78 bado ziko kabatini, kwani mifereji yake mipana inadai sindano nyingine.