Kadi ya kliniki ilipokataliwa New York

Kadi yangu ya kliniki mama aliitunza tangu 2001, ndani ya mfuko wa plastiki, chini kabisa ya sanduku la kanga. Imekunjwa mara nne na ina doa la mafuta ya nazi, lakini mwandiko wa nesi bado unasomeka: surua, miezi 9. Nikaipiga picha, nikaituma chuoni, jimbo la New York, nilikopata nafasi ya uzamili. Nikajua nimemaliza.

Siku ya tatu nikajibiwa kwamba haitoshi. Sheria ya jimbo lile inamtaka mwanafunzi yeyote aliyezaliwa kuanzia 1957 aonyeshe dozi mbili za surua, moja ya matumbwitumbwi na moja ya rubela. Halafu dozi ya surua uliyochomwa kabla ya kutimiza mwaka haihesabiwi. Sasa sisi wote si tulichomwa tukiwa na miezi tisa? Na matumbwitumbwi ndiyo kabisa, kliniki zetu hazikuwa zikiichanja.

Kuanza upya kulitaka dozi mbili zipishane siku 28. Safari ilikuwa imebaki wiki tatu.

Aliyenitoa ni shemeji yangu, mtu wa maabara. "Shem, ile ya shuleni hukuchomwa?" Nikakumbuka: Oktoba 2014, darasa la sita, kampeni ya surua na rubela, foleni chini ya mwembe, kidole kikapakwa wino. Karatasi ya siku ile sina. "Karatasi ya nini? Kapime kingamwili." Kumbe fomu yenyewe ilikuwa inakubali majibu ya damu yanayoonyesha una kinga, ukurasa wa pili, ambao mimi sikuufungua.

Majibu yakaja: kinga ya surua ipo, ya rubela ipo, ya matumbwitumbwi hakuna. Kwa hiyo nilidaiwa sindano moja tu, na chuo kikakubali nikachomwe kwao nikifika.

Damu ileile nilipimiwa pia kifua kikuu. Kama una kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu ya utotoni, begani, omba kipimo cha damu. Kile cha kuchomwa chini ya ngozi ya mkono kinaweza kusoma chanya kwa sababu ya BCG tu, uanze kuhangaika na picha za kifua.

Kule nesi alinichoma, akanipa karatasi mpya yenye mistari mitatu. Nikamtumia mama picha. Akauliza kama kadi yake nimeirudisha sandukuni.