38 zilikubaliwa, na bado nilikuwa nimekosea

Miezi kadhaa sasa naandika kerneli ndogo ya kujifunzia, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia mashine na programu zake, hapa nyumbani Langoni, Lamu, kwenye laptopu kuukuu ambayo betri yake ilishakufa. Umeme ukikatika, kazi imesimama mpaka urudi. Sehemu iliyonitesa kuliko zote ni ukaguzi wa rejista za mitego, vihifadhi vidogo ndani ya prosesa vinavyosimamisha programu inapogusa anwani fulani ya kumbukumbu, zile ambazo prosesa za ukoo wa x86 zimekuwa nazo tangu Intel 80386 ya mwaka 1985.

Kwa ufupi: DR0 mpaka DR3 hubeba anwani nne za mitego. DR6 husema ni upi ulionasa. DR7 ndiyo yenye amri: mtego upi uwashwe, unase kitu gani, na ulinde baiti ngapi. Programu ya kawaida hairuhusiwi kuziandika, sharti iiombe kerneli. Basi kerneli ikikubali kila inachoombwa, programu moja mbovu inaweza kuangusha mashine nzima.

Nilianza na yasiyo na mjadala. Biti 32 za juu za DR7 lazima ziwe sifuri, la sivyo prosesa humrushia kosa aliyeziandika, na aliyeandika hapo ni kerneli yenyewe. Biti ya 13 haombi mtu akapewa: ikiwashwa, yeyote atakayezigusa rejista hizi baadaye ananaswa, kerneli ikiwemo. Anwani isiwe ya kerneli. Hapo nilisoma msimbo wa Linux, kerneli maarufu iliyo wazi kwa wote, na nikanufaika, kwani wao hupima baiti ya kwanza ya mtego na ya mwisho pia, ili usianzie kwenye anwani za mtumiaji ukaishia kwenye za kerneli.

Kisha nikafika kwenye biti nne za kila mtego: mbili za aina, mbili za urefu. Mtego wa kutekeleza amri lazima urefu wake uandikwe 00. Aina ya 10 ni ya milango ya vifaa, nikaikataa kabisa. Zilizobaki ni kuandika, na kusoma pamoja na kuandika, ambazo anwani yake lazima igawanyike kwa urefu wake bila baki. Michanganyiko 16, mara nafasi 8 za mwisho wa anwani, ni hali 128. Nilizihesabu kwa kalamu: 8 za kutekeleza, 15 za kuandika, 15 za kusoma na kuandika. Jumla 38 zikubaliwe, 90 zikataliwe. Nikaandika jaribio, likatoa 38. Nilifurahi sana.

Usiku ule ule nikatega mtego wa baiti nne kwenye namba niliyoiita salio, iliyokaa kwenye anwani inayoishia na 4. Jirani yake, kwenye anwani inayoishia na 0, ilikuwepo hesabu, inayoongezeka kila mzunguko. Mtego ukanasa mzunguko wa kwanza kabisa. Nikaangalia salio: sifuri, haijaguswa. Nikaendesha tena, vile vile. DR6 inasema mtego wa kwanza umenasa, na mimi naapa hakuna aliyeandika pale. Nilishuku kumbukumbu imeharibika, nikashuku kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa. Siku mbili zilikwenda hivyo.

Siku ya tatu nikampigia mdogo wangu aliyeko Malindi, naye anaujua mwongozo wa prosesa kuliko mimi. Nikamsomea thamani ya DR7, kwa namba za msingi wa 16: 0x90001.

"Dada, rudia hiyo tisa."

"Tisa, kwa biti: moja, sifuri, sifuri, moja. Mbili za mwanzo ni urefu: moja-sifuri, baiti nne."

"Moja-sifuri ni nane, dada. Nne ni moja-moja."

Nikafungua jedwali nikalitazama kwa macho yangu: 00 baiti moja, 01 mbili, 10 nane, 11 nne. Mimi nilikuwa nimeyapanga kichwani kwa mfuatano: moja, mbili, nne, nane. Ukijua historia inaeleweka. Zama za 80386 hapakuwa na mtego wa baiti nane. Nne ilikwisha kuchukua 11, na nane ilipokuja ikapewa nafasi iliyokuwa wazi.

Prosesa ikiona urefu wa baiti nane, hufuta biti tatu za chini za anwani. Ile iliyoishia na 4 ikawa 0, na mtego ukamfunika jirani. Prosesa ilinipa nilichoandika.

Kilichoniuma zaidi ni lile jaribio. Lilitumia jedwali lile lile bovu la msimbo wangu. Ukibadilishana nne na nane, hesabu bado ni 38, kwa sababu moja inapoteza nafasi ambayo nyingine inaipata. Jaribio lilikuwa linaniuliza kama nakubaliana na nafsi yangu.

Nikaliandika upya. Sasa kwa kila moja ya zile hali 30 za data, jaribio linatega mtego kwenye mashine halisi, kisha linaandika baiti moja moja kwenye eneo la baiti 16, na kudai mtego unase pale tu unapostahili. Mipaka nimeiandika kwa mkono, namba baada ya namba, bila kuazima chochote kutoka kwenye msimbo. Lilipopita, nikalirudisha jedwali bovu makusudi nikaendesha tena. Likasimama kwenye mtego wa kwanza wa baiti nne, likanitajia anwani. Msikiti ulikuwa umeshaadhini alfajiri. Nikarudisha jedwali sahihi, nikahifadhi, nikazima laptopu.