Bibi na Bwana ukutani

Shule nyingi za msingi huku kwetu zina Bibi na Bwana, yaani Nembo ya Taifa ya Tanzania, kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, na kadhaa nimewachora mimi. Kazi yangu ni mabango: saluni, gereji, duka la dawa, milango ya makanisa. Lakini hakuna oda inayoniweka juu ya ngazi muda mrefu kama Nembo ya Taifa.

Mpita njia anaona watu wawili. Fundi anaanza na ngao. Naipigia miraba kwa chaki kwanza, la sivyo inalala upande. Juu kabisa ni dhahabu, ndiyo madini yetu, na hapo unawaka mwenge, kama ule aliopanda nao Luteni Alexander Nyirenda hadi kilele cha Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Chini yake bendera, na hapa wengi hujikwaa: kijani kinakaa juu upande wa mlingoti, buluu chini upande wa pili, na mkanda mweusi unapanda kutoka kona ya chini. Ukiugeuza, watoto wa darasa la tatu watakucheka kabla rangi haijakauka. Kisha nyekundu ya udongo wenye rutuba, shoka na jembe vimepishana, halafu mawimbi ya bahari na maziwa. Mkuki umesimama wima katikati.

Jirani zetu Wakenya ngao yao imeshikwa na simba wawili wenye mikuki. Ya Uganda ina swala na korongo. Ya kwetu imeshikwa na mtu na mwenzake, wamesimama juu ya Kilimanjaro, na hilo napenda kuliko mengine yote. Ingawa lina usumbufu wake: simba hana sura ya mtu. Mwalimu mkuu mmoja alinitaka nimpunguzie Bwana kitambi, akidai watu watasema ni yeye.

Miguuni kuna mimea. Kwa Bibi ni pamba, na pamba sihitaji kuangalizia. Nimezaliwa Bariadi, nimeichuma tangu utotoni, najua tumba linavyopasuka na vile vikonyo vikavu vinavyochoma vidole. Kwa Bwana ni mkarafuu. Karafuu mimi nilikuwa naijua kwenye pilau. Mwalimu mmoja mwenyeji wa Wete, Pemba, alinikalisha chini akanieleza: inachumwa ikiwa bado tumba, kabla ua halijafunguka, kisha inaanikwa juani. Na mkarafuu ni mti mrefu wa kukwea, siyo kichaka. Kwa hiyo pamba imechorwa kwa kimo chake, lakini mkarafuu umefupishwa ufike magotini. Ilibidi iwe hivyo, Bara na Visiwani wakae sawasawa.

Nani aliichora kwanza? Huku kwetu utaambiwa ni mzee Francis Kanyasu Maige, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyefariki mwaka 2017. Zanzibar watakutajia Abdallah Farhani. Sisi Wasukuma tuna upendeleo wetu, kwa hiyo nanyamaza.

Yanayoulizwa zaidi siku hizi ni meno ya tembo, yale waliyoshika Bibi na Bwana pande mbili za ngao. Mwalimu kijana alinishika shati: leo mtu akikutwa na pembe za ndovu anakwenda jela, mbona tunazichora shuleni? Swali halali. Lakini mimi nisingezigusa. Kwanza ndizo alama pekee ya mnyama katika nembo ya nchi yenye Serengeti. Pili, ule mkunjo wake ndio unaoifunga picha nzima pande zote mbili. Zitoe, Bibi na Bwana wanabaki wamesimama kando ya ngao kama wanasubiri daladala, mikono mitupu. Na mkono mtupu ni mgumu sana kuuchora. Ukiwa na kitu cha kushika, vidole vitatu vinajificha nyuma yake.